Somo la Sita: Kutumia Kompyuta Mpakato na Kusafiri Nayo kwa Usalama

Utangulizi

Jina la chombo hiki limetokana na kitenzi kupakata, yaani kumweka mtoto mapajani na kumshika asianguke. Ndani ya jina hilo mna nasaha, na mna mtego pia. Nasaha ni kwamba safarini kompyuta mpakato hukaa karibu na mwenyewe, mahali anapoiona na kuigusa. Mtego ni kwamba mapaja si mahali pema pa kuifanyia kazi kwa muda mrefu, kama tutakavyoona.

Mtumiaji wa kompyuta mpakato ana mambo matatu ya kulinda. La kwanza ni uhai na afya yake na ya walio karibu naye, kwa kuwa ndani ya chombo hiki kuna betri yenye nishati nyingi. La pili ni mali, kwa kuwa chombo hugharimu fedha nyingi na huibwa kwa urahisi. La tatu ni taarifa zilizohifadhiwa ndani yake. Jambo la kwanza na la pili hueleweka na wengi. La tatu husahauliwa mpaka siku chombo kinapopotea, na siku hiyo ndipo mtu hutambua kwamba kompyuta inaweza kununuliwa nyingine dukani, lakini kazi ya miaka miwili haiuzwi dukani popote.

Katika somo hili tutafuatana na mfano mmoja. Si mtu halisi, bali hali yake ni ya watu wengi. Ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa mjini Morogoro, chenye wanachama 30. Kompyuta yake ina daftari la michango, orodha ya mikopo, namba za simu na namba za vitambulisho vya taifa vya wanachama wote. Anajiandaa kwenda Dodoma kwa basi kuhudhuria mafunzo ya siku tatu.

Baada ya kusoma somo hili, utaweza:

1. Kuitumia kompyuta mpakato bila kuhatarisha mwili wako wala nyumba yako.
2. Kuiandaa kabla ya safari ili hata ikipotea, taarifa zisipotee wala zisisomwe na mwingine.
3. Kuilinda katika basi, ndege na nyumba ya wageni.
4. Kuchukua hatua sahihi, kwa mpangilio sahihi, endapo itaibwa.

1. Mahali pa kufanyia kazi

Kompyuta ifanyapo kazi hutoa joto, na joto hilo hutoka kupitia matundu yaliyo chini au ubavuni mwake. Ukiiweka juu ya mto, godoro au blanketi, matundu huzibwa, joto hubaki ndani, na vipuri pamoja na betri huchakaa kabla ya wakati. Iweke juu ya kitu kigumu na bapa: meza, ubao, hata sinia kubwa ikiwa hakuna kingine. Usilale ukiwa umeiacha inachaji kitandani.

Kuiweka mapajani kwa saa nyingi, siku baada ya siku, kunaweza kusababisha mabaka ya rangi ya kahawia au nyekundu kwenye ngozi ya mapaja. Joto linalosababisha mabaka hayo si lazima liwe kali la kuunguza, na kwa sababu hiyo mtu huweza asilitambue mapema. Ukihisi joto, iondoe.

Tatizo jingine la chombo hiki ni kwamba kioo na kibodi vimeunganishwa. Kioo kikiwa mahali panapofaa macho, kibodi huwa juu mno kwa mikono, na kibodi ikiwa mahali panapofaa mikono, shingo huinama. Kwa kazi ya nusu saa si neno. Kwa kazi ya kutwa, inua kompyuta juu ya vitabu mpaka ukingo wa juu wa kioo uwe karibu usawa wa macho, kisha tumia kibodi na kipanya vya kuchomeka. Kila baada ya dakika 20 tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 au zaidi kwa sekunde 20, na kila saa simama utembee kidogo.

2. Umeme na chaja

Umeme wa majumbani nchini Tanzania ni wa volti 230. Soma maandishi madogo kwenye kisanduku cha chaja yako. Ikiwa imeandikwa 100–240 V, chaja hiyo inafaa hapa nchini na katika nchi zenye umeme wa volti 120, kama Marekani. Ukisafiri nje, kitakachohitaji kubadilishwa ni umbo la plagi tu. Ieleweke kwamba kigeuza plagi hakibadilishi volti. Chaja iliyoandikwa volti 120 pekee, ambayo hukutana nasi mara nyingine katika vifaa vilivyotumika kutoka ng'ambo, haipaswi kuchomekwa moja kwa moja katika soketi ya volti 230.

Chaja mbadala iwe na volti zilezile zilizoandikwa kwenye chaja ya awali, na ampea zisizopungua zile za awali. Chaja bandia hufanana na halisi kwa nje, lakini ndani huweza kukosa vipuri vinavyozuia mkondo mkubwa usiifikie kompyuta. Bei ya chini kupita kiasi, maandishi yenye makosa na wepesi usio wa kawaida ni dalili za kutiliwa shaka. Ukiuziwa bidhaa bandia, peleka malalamiko Tume ya Ushindani (FCC) ukiwa na risiti ya EFD. Bila risiti, itakuwa vigumu kuthibitisha ulinunua nini, lini na kwa nani.

Umeme ukikatika, chomoa chaja. Hatari kubwa mara nyingi huja wakati umeme unaporudi, kwa kuwa volti huweza kupanda ghafla kwa muda mfupi. Subiri utulie kwanza. Wakati wa radi fanya vivyo hivyo: chomoa chaja, nawe ufanye kazi kwa betri.

3. Betri: rafiki wa kuangaliwa

Betri za kompyuta mpakato za siku hizi ni za lithiamu. Zinabeba nishati nyingi katika umbo dogo, na hiyo ndiyo faida yake na hatari yake. Betri iliyotobolewa, iliyobonyezwa, iliyochomwa na jua au iliyotengenezwa vibaya huweza kupata joto linalojiongeza lenyewe hadi kuwaka. Mwezi Agosti 2006 kampuni ya Dell ilitangaza kurudisha betri milioni 4.1 zilizotengenezwa na Sony kwa sababu zingeweza kushika moto. Kwa mlaji, funzo ni kwamba hata bidhaa halisi yaweza kuwa na kasoro, na kwamba mtengenezaji akitangaza kurudisha bidhaa, mwenye kifaa hubadilishiwa bila malipo iwapo atajua kuwa tangazo lipo. Andika namba ya pekee ya kompyuta yako, uikague katika tovuti rasmi ya mtengenezaji.

Dalili za betri mbovu ni hizi: sehemu ya kugusia kuendesha mshale kunyanyuka, kifuniko cha chini kuvimba, kompyuta kutikisika juu ya meza iliyo sawa, harufu tamu au kali isiyo ya kawaida, au joto jingi hata isipofanya kazi. Ukiona mojawapo:

- Izime, chomoa chaja, wala usiichaji tena.
- Usiibonyeze irudi mahali pake, na usiitoboe ili kutoa hewa. Hewa hiyo ni gesi inayoweza kuwaka na yenye sumu.
- Iweke mahali penye hewa, mbali na vitu vinavyoshika moto, kisha ipeleke kwa fundi anayeaminika.
- Usitupe betri kwenye jalala wala kwenye moto wa takataka.

Ikitoa moshi au moto, zima umeme kwenye swichi ikiwa unaweza kufika salama, ondoa watu chumbani na piga simu 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Moshi wake usiuvute. Hakuna faili lenye thamani ya mapafu yako.

Kwa matumizi ya kawaida, betri hudumu zaidi isipoachwa kuisha kabisa mara kwa mara, na isipoachwa mahali pa joto. Gari lililofungwa na kuegeshwa juani huweza kupata joto linalozidi nyuzi 50 za Selsiasi, na hapo betri hudhurika pamoja na kioo. Basi usiiache kompyuta ndani ya gari kwa sababu mbili: jua na mwizi.

4. Kabla ya safari: kazi ya jioni moja

Turudi kwa katibu wetu. Safari ni kesho asubuhi. Nguo amekwisha kuzikunja na tiketi anayo. Kazi iliyobaki ni ya jioni moja tu, nayo ndiyo muhimu kuliko zote.

*Kwanza, nakala za akiba.* Kanuni inayotumiwa na wataalamu ni rahisi kukumbuka: nakala tatu, katika vihifadhi vya aina mbili, moja ikae mahali pengine. Nakala ya kwanza ni ile iliyo ndani ya kompyuta. Ya pili iwe kwenye diski ya nje au flashi. Ya tatu iwe kwenye hifadhi ya mtandaoni, au kwenye flashi nyingine iliyofungiwa kabatini kwa mweka hazina. Flashi inayosafiri ndani ya begi moja na kompyuta haihesabiki kuwa nakala ya akiba. Begi likienda, vyote vimekwenda. Na baada ya kunakili, fungua faili moja au mawili kuhakikisha yanasomeka. Wengi wamegundua kwamba nakala yao ni tupu siku walipoihitaji.

*Pili, kusimba diski.* Watu wengi huamini kwamba nywila ya kufungulia kompyuta inatosha. Haitoshi. Mwizi anaweza kuitoa diski, kuichomeka kwenye kompyuta nyingine na kusoma kila kitu bila kuulizwa nywila. Dawa yake ni kuisimba diski nzima, yaani kugeuza taarifa zote ziwe katika maandishi yasiyosomeka bila ufunguo. Kompyuta nyingi zina uwezo huo tayari. Katika Windows huitwa BitLocker au usimbaji wa kifaa, na katika kompyuta za Apple huitwa FileVault. Ukiuwasha, utapewa ufunguo wa dharura wenye herufi au tarakimu nyingi. Uandike karatasini na uuache nyumbani mahali salama, kamwe si kwenye begi la kompyuta. Ukiusahau nywila na kuupoteza ufunguo, hata wewe hutaweza kuzisoma taarifa zako.

*Tatu, nywila.* Nywila njema ni ndefu kuliko kuwa ngumu. Maneno manne au matano yasiyohusiana, ambayo ni wewe tu unayejua kwa nini umeyaweka pamoja, hukumbukwa kwa urahisi na hukisiwa kwa shida. Jina la mtoto na mwaka wake wa kuzaliwa hukisiwa na yeyote anayekufahamu. Nywila ya barua pepe isitumike mahali pengine popote, kwa maana barua pepe ndiyo mlango wa akaunti nyingine zote: aliye nayo anaweza kuomba nywila mpya za nyingine na akatumiwa. Washa pia uthibitisho wa hatua mbili.

*Nne, masasisho.* Programu zisizosasishwa huwa na nyufa zinazojulikana kwa wahalifu. Wenye kompyuta zilizotumika wazingatie kwamba Microsoft ilikoma kutoa masasisho ya kawaida ya bure ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kabla ya kununua kompyuta iliyotumika, uliza iwapo inaweza kupokea mfumo mpya zaidi.

*Tano, kupunguza mzigo.* Jiulize: je, safari hii inahitaji taarifa zote hizi? Katibu anakwenda mafunzoni. Anahitaji mada za mafunzo na pengine jedwali moja la mfano. Namba za vitambulisho vya wanachama 30 hazina kazi Dodoma. Azihamishie kwenye diski iliyosimbwa, aiache nyumbani. Taarifa isiyosafiri haipotei njiani.

*Sita, kumbukumbu ya chombo.* Piga picha ya kompyuta, ya namba yake ya pekee na ya risiti, uzihifadhi kwenye simu na kwenye barua pepe. Washa huduma ya kutafuta kifaa kilichopotea.

5. Njiani

*Katika basi.* Begi la kompyuta lisiingie kwenye buti na lisiwekwe juu kwenye chaga. Liwe miguuni, mkanda wake ukiwa umepitishwa mguuni, au mapajani. Hapa ndipo mahali pa kupakata. Ukikaa dirishani, usiitumie kompyuta kioo kikiwa wazi basi linapopunguza mwendo au kusimama kituoni. Ukishuka kula au kujisaidia, shuka nayo. Abiria mwenzako anaweza kuwa mtu mwema kabisa, lakini akipitiwa na usingizi wema wake hautazuia wizi. Begi la kawaida lisilo na nembo ya kompyuta huvutia macho machache.

*Katika bodaboda na bajaji.* Vaa begi kwa mikanda yote miwili, na ikiwezekana liwe kifuani. Begi linaloning'inia begani upande wa barabara hunyakuliwa na pikipiki inayopita.

*Katika boti na kivuko.* Unyevu wenye chumvi ni adui wa vyuma vidogo vya ndani. Ifunge kompyuta ndani ya mfuko usiopitisha maji na usiifungue sitahani. Maji yakiimwagikia, izime papo hapo kwa kushikilia swichi, chomoa chaja, igeuze ili maji yatiririke, na usiiwashe kuijaribu. Kuiwasha ikiwa na maji ndiko kunakoiua. Ipeleke kwa fundi.

*Katika ndege.* Kompyuta isafiri nawe ndani, si katika mizigo inayopakiwa chini. Moto wa betri ukitokea ndani ya chumba cha abiria, wahudumu wataukabili mapema kuliko ukitokea chini. Kanuni za kimataifa huruhusu betri isiyozidi wati-saa 100. Ya wati-saa 100 hadi 160 huhitaji kibali cha shirika la ndege, na inayozidi 160 hairuhusiwi kwa abiria. Betri za ziada na pawabenki hazipakiwi chini kamwe.

Ikiwa wati-saa hazikuandikwa, zipate kwa kuzidisha volti kwa ampea-saa. Betri ya volti 11.4 na miliampea-saa 4,000, yaani ampea-saa 4, ina wati-saa 45.6, nayo inaruhusiwa. Pawabenki ya miliampea-saa 20,000 kwa volti 3.7 ina wati-saa 74, nayo inaruhusiwa. Ile ya miliampea-saa 30,000 ina wati-saa 111, hivyo uliza shirika kabla ya kwenda uwanjani. Baadhi ya mashirika huruhusu kubeba pawabenki lakini hukataza kuitumia ndani ya ndege.

Kwenye ukaguzi, usiiweke kompyuta kwenye mkanda wa mashine kabla zamu yako ya kupita haijafika. Mali ikitangulia nawe ukazuiliwa nyuma, upande wa pili kuna watu wengi na trei zinafanana.

6. Ugenini

Katika nyumba ya wageni, fungia kompyuta kabatini au kwenye sanduku lenye kufuli. Usiiache juu ya kitanda ukaamini mlango pekee.

Mtandao wa waifai wa bure una mashaka yake. Mtu yeyote aweza kuwasha mtandao na kuupa jina la hoteli uliyomo. Muulize mhudumu jina kamili. Kwa shughuli za benki, fedha za simu na barua pepe, ni heri kutumia intaneti ya simu yako mwenyewe. Kivinjari kikikuonya kwamba tovuti si salama, usipite onyo hilo.

Steshenari ni mahali ambapo wengi huambukizwa virusi. Flashi yako huchomekwa kwenye kompyuta iliyopokea flashi za mamia ya watu, kisha hurudi nyumbani na wageni. Tenga flashi moja kwa ajili ya kuchapishia tu, weka ndani yake faili la kuchapwa peke yake, na ikirudi ikague kwa programu ya kukinga virusi kabla ya kuifungua. Ukilazimika kufungua barua pepe kwenye kompyuta ya dukani, hakikisha umetoka kwenye akaunti, na umelifuta faili ulilopakua.

Ikiharibika ugenini, uwe mwangalifu kwa fundi usiyemjua. Fundi anayebadili kioo, kibodi au betri kwa kawaida hahitaji nywila yako. Akisema, "Niachie na nywila, mama, niijaribu," mwambie utakuja kuifungua mwenyewe akimaliza. Dai karatasi yenye jina la duka, namba ya kompyuta, tatizo lililokubaliwa na bei.

7. Ikiibwa

Tuseme basi limesimama Gairo ili abiria wapate chakula. Katibu ameshuka, begi ameliacha kwenye chaga. Anaporudi, halipo.

Ikiwa hakufanya kazi ya jioni ile, tazama kinachofuata. Kikundi hakina tena daftari. Kila mwanachama anasema kiasi anachokumbuka, na kumbukumbu hazilingani. Aliyekopa anasema amekwisha kulipa, na aliyechangia anaambiwa hakuchangia. Wiki chache baadaye wanachama wanaanza kupigiwa simu na matapeli wanaowataja kwa majina na kujua viwango vya akiba zao. Kompyuta moja imeondoka na imani ya watu 30, waliojengana kwa miaka.

Ikiwa aliifanya, amepoteza chombo. Anaumia, kwa kuwa fedha zake ni za jasho. Lakini jioni ya kesho yake kikundi kinafungua nakala kwa mweka hazina, hesabu ziko kamili, na aliyeiba ana kitu asichoweza kukisoma.

Endapo itakutokea, fuata mpangilio huu:

1. Barua pepe kwanza. Kwa simu yako au ya mtu unayemwamini, badili nywila ya barua pepe na uondoe vifaa vyote vilivyounganishwa. Kisha badili za benki na nyinginezo.
2. Funga kifaa kwa mbali kupitia huduma ya kutafuta kifaa, ikiwa uliiwasha. Ikionyesha mahali kilipo, wape polisi taarifa hiyo, usikifuate mwenyewe.
3. Toa taarifa polisi katika kituo kilicho karibu, ukiwa na namba ya pekee na risiti, upewe namba ya RB. Bima na mwajiri wataihitaji.
4. Waambie wenye taarifa. Ikiwa kompyuta ilikuwa na taarifa za watu wengine, waambie upesi ni taarifa gani, ili wasidanganywe na atakayewapigia. Kuona haya kusikuchelewesha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na azijulishe mamlaka pale usalama wake unapovunjwa. Mamlaka hiyo ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.
5. Jihadhari na ujumbe wa "tumeipata kompyuta yako". Matapeli hutuma kiunganishi kinachokutaka uandike nywila. Usiandike.

Muhtasari

- Kazini, kompyuta ikae mezani. Safarini, ipakatwe.
- Betri iliyovimba haichajiwi, haibonyezwi, haitobolewi.
- Nakala iliyo ndani ya begi moja na kompyuta si nakala ya akiba.
- Nywila hufunga mlango, kusimba diski hufunga nyumba nzima.
- Taarifa isiyohitajika safarini ibaki nyumbani.
- Ikiibwa, barua pepe kwanza, kisha polisi, kisha wenye taarifa.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini nywila ya kufungulia kompyuta pekee haitoshi kulinda taarifa zilizo kwenye diski?
2. Pawabenki ya volti 3.7 ina miliampea-saa 26,800. Ina wati-saa ngapi? Je, inahitaji kibali cha shirika la ndege? *(Jibu: takriban wati-saa 99. Haihitaji kibali, ila isafiri ndani ya chumba cha abiria.)*
3. Taja taarifa tatu za watu wengine zilizo ndani ya kompyuta yako sasa hivi. Ni ipi kati yake unayohitaji kusafiri nayo?
4. Nakala yako ya akiba ya mwisho uliifanya lini, na iko wapi?

Swali la nne halina jibu la kitabuni. Ikiwa ulilazimika kufikiri kwa muda kabla ya kulijibu, kiweke kijitabu hiki pembeni uifanye kazi hiyo leo, kisha urudi kuendelea na Somo la Saba.